Msumeno Upakiwe Kabla ya Kuni

Mwezi huu nimeziweka pamoja barua zinazohusu jambo moja, yaani kusafirisha misumeno ya mnyororo, ambayo wengi wetu huiita chenso, katika pikapu za kubebea kuni. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu aliyeiandika ameisimulia safari yake bila kuficha kitu, na makosa yaliyomo ni yale yale ninayoyaona kila jioni nikikaa barazani nikitazama magari ya kuni yanavyoingia Tanga mjini kutoka upande wa Pongwe.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mkazi wa Muheza, nauza kuni kwa wenye matanuri ya mikate na kwa wapishi wa shughuli, hapa kwetu na huko Tanga mjini. Hununua miembe na mikorosho iliyozeeka katika mashamba ya watu upande wa Kisiwani, tukaikata mimi na wapwa zangu wawili, kisha tukapakia katika pikapu yangu ya kabini moja. Tuna chenso mbili. Asubuhi tunaziweka nyuma pamoja na shoka, kabari na dumu la petroli. Jioni, bodi ikishajaa kuni, tunaziweka juu ya mzigo na kuzifunga kwa kamba ya katani. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tukielekea Tanga na mzigo, ng'ombe wakakatiza barabara pale Ngomeni, nami nikakanyaga breki kwa nguvu. Chenso moja ilichomoka kwenye kamba ikateleza hadi kwa mpwa wangu aliyekuwa amekaa juu ya kuni, na meno yake yakamchana shavu la mguu akashonwa nyuzi sita. Injini ilikuwa imezimwa tangu shambani. Mpwa wangu anasema ajali haina kinga. Mimi nadhani kinga ipo, ila sijui niianzie wapi.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na umpelekee kijana pole zangu. Mwambie pia kwamba ajali hii kinga yake ilikuwepo, tena ya bei ndogo.

Nianze na hilo ulilolitaja kana kwamba lilikushangaza, kwamba injini ilikuwa imezimwa. Kuzima injini kunauzuia mnyororo usizunguke, lakini hakuyafanyi meno yake kuwa butu. Jino la msumeno lililopigwa tupa asubuhi lina makali ya kuchana suruali na ngozi hata likiguswa tu, na pikapu inaporuka mashimo ni sawa na mtu anayekuburuza juu ya meno hayo. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni ala. Kile kipande kirefu bapa cha chuma ambacho mnyororo huzunguka pembeni mwake, nitakiita upanga, na kila upanga una ala yake ya plastiki inayouzwa pamoja na mashine. Nina hakika ala zenu zilipotea mwezi wa kwanza, kama zinavyopotea za watu wote. Msinunue nyingine kama hela inawabana: chukueni kipande cha bomba la plastiki la maji, mlipasue kwa urefu upande mmoja, mlivike upanga mzima hadi ncha, kisha mlifunge kwa ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu. Angalieni tu kwamba kipande hicho hakipungui urefu wa upanga, maana ala fupi huiacha wazi ncha, na ncha ndiyo hutangulia kumgusa mtu.

Ala hiyo ivikwe pale pale mtu anapoacha kukata, kabla msumeno haujaanza kubebwa kwenda kwenye gari. Katika hatua hizo chache breki ya mnyororo, yaani ile inayouzuia mnyororo usizunguke, iwe imefungwa, mbebaji aushike msumeno kwa mpini wa mbele, upanga ukielekea nyuma yake, na bomba la moshi likiwa mbali na paja.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Ulipokanyaga breki, magurudumu ndiyo yaliyosimamisha gari, na gari likausimamisha mzigo uliobanwa ndani yake. Msumeno uliolazwa juu ya kuni ulikuwa hauna habari za breki. Katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari hupita karibu mita 17 kila sekunde, na kitu kisichozuiliwa huendelea na mwendo huo huo hadi kikutane na cha kukizuia, ambacho siku hiyo kilikuwa ni mguu wa mpwa wako. Ukitaka kupata picha yake, msumeno wa kilo 7 unaosafiri kwa mwendo huo hupiga kwa nguvu ile ile ambayo ungepiga nayo ukidondoka kutoka kwenye kilele cha mnazi wa mita 14. Hakuna mtu ambaye angekubali kupumzika chini ya mnazi ulioning'inizwa chenso, lakini kila siku vijana wetu hukaa juu ya kuni mbele ya chenso iliyofungwa kwa mafundo mawili.

Kuhusu kamba, mimi ni mzaliwa wa mkoa wa katani na sitaisema vibaya kamba iliyotusomesha. Kwa kazi hii, hata hivyo, haifai. Katani ikilowa hufupika na kukaza, ikikauka hulegea, na katika safari ya asubuhi yenye umande na mchana wenye jua hayo mawili hutokea siku moja. Zaidi ya hapo, kamba inayosuguana na meno yasiyo na ala hukatika nyuzi moja moja bila dereva kujua. Tumieni mkanda wa kukazia, ule wenye kishikizo cha racheti, na muupitishe ndani ya mpini wa msumeno, wala msiupitishe juu ya mgongo wake.

Lakini hata mkanda mzuri hauwezi kuliponya tatizo lenu lililo kubwa zaidi, nalo ni la mpangilio. Asubuhi bodi ni tupu na misumeno hupata nafasi popote. Jioni mnapakia kuni kwanza, mpaka zinapofika juu, ndipo mtu anauliza, "Na hizi chenso?" Wakati huo jibu limebaki moja tu, yaani juu ya mzigo. Tena jioni ndiyo saa mbaya: nyote mmechoka, giza linaingia, mashine zina moto, na gari ni zito. Nafasi ya msumeno inapaswa kuamuliwa kabla gogo la kwanza halijaingia, na isiguswe na kuni hata kama mteja ameomba mzigo ujazwe.

Njia ninayoipendekeza ni sanduku la mbao linalokaa kwa upana wa bodi, likigusana na ukuta wa mbele ulio nyuma ya kabini, na kufungwa kwa bolti kwenye sakafu. Nimelichagua eneo hilo kwa sababu breki husukuma kila kitu kwenda mbele. Sanduku likiwa tayari limeegemea ukuta wa mbele, halina pa kwenda, wakati sanduku lililowekwa karibu na mlango wa nyuma litasafiri urefu wote wa bodi kabla ya kugota. Msumeno wenye upanga wa sentimita 50 huchukua karibu sentimita 90 kutoka mpini wa nyuma hadi ncha, hivyo sanduku la urefu wa mita moja na robo, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 40 linatosha kwa mashine mbili zilizopangwa kinyume, moja ikiangalia kulia na nyingine kushoto. Ukuta wa sanduku unaopakana na kuni uwe wa mbao nene, zisizopungua sentimita 4, kwa kuwa ndio utakaopigwa na magogo. Kuni mbichi zilizopangwa vizuri na kujaza mita moja ya ujazo hufikisha kilo 600 bila shida, na uzito huo wote ukijisogeza utaegemea hapo. Chini ya sanduku tobolewe matundu kadhaa, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini kama maji. Sanduku lililozibwa chini na kuachiwa tundu juu huufungia mvuke huo ndani.

Humo ndani msumeno usimame kwa miguu yake kama unavyosimama ardhini, usilazwe ubavu. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nililaza chenso yangu ubavu kandokando ya kiroba cha unga wa sembe niliokuwa nimetumwa na nyumbani, na kutoka Korogwe hadi Tanga mafuta ya mnyororo yalivuja taratibu bila sauti. Unga ule ulikwenda kwa kuku, na kuku wenyewe waliukataa. Mafuta ya mnyororo huvuja hata katika mashine mpya, kwa hiyo tandikeni unga wa mbao au magunia chakavu chini ya sanduku, na muyabadilishe kila wiki, maana gunia lililojaa mafuta na petroli ni utambi unaosubiri kiberiti.

Hapo nimefika kwenye moto, jambo ambalo barua yako haikuligusa. Bomba la moshi la chenso iliyotoka kukata mwembe lina joto la kuunguza majani makavu, kamba, turubai, na hata kuwasha vumbi la mbao lililoganda pembeni mwake. Ukiifunika mashine hiyo kwa turubai na kuanza safari, upepo wa barabarani utafanya kazi ya mvukuto. Mashine zipumzike chini, mahali pasipo na majani, kwa dakika 15 hadi 20 huku mkipakia kuni. Zisafisheni kwa brashi, kazeni vifuniko vya matangi, kisha ziingie sandukuni. Utaniambia kwamba nimesema msumeno upakiwe kabla ya kuni na sasa nasema usubiri upoe. Ni kweli, na ndiyo maana ya sanduku: linaihifadhi nafasi hata kama mashine yenyewe bado iko chini ya mti. Hakikisheni tu kwamba mfuniko wake unaweza kufunguka baada ya kuni kupanda, yaani rundo lishukie usawa wa mfuniko kadiri linavyokaribia kabini.

Shoka na kabari visichanganywe na misumeno. Kabari ya chuma ya kilo 2 ikirukaruka ndani ya sanduku itapasua tangi la plastiki kabla hamjafika lami. Vitieni kwenye kiroba kizito chenye mdomo wa kufungwa na mkikaze kwenye kona ya bodi. Dumu la petroli nalo lisimame peke yake upande wa pili, likiwa limefungwa, likiwa na kivuli, na lisijazwe hadi mdomoni. Petroli hutanuka: dumu la lita 20 lililojazwa alfajiri kwenye nyuzi 24 na kufikia nyuzi 40 juani huwa na takriban lita 0.3 zaidi ya ulizoweka, na hizo zitatafuta pa kutokea. Kwa sababu hiyo hiyo vifuniko vya matangi ya misumeno vifunguliwe polepole mkifika shambani, maana joto la pwani yetu husukuma mvuke ndani ya tangi, na anayekifungua ghafla hurushiwa petroli usoni.

Kizimamoto cha unga na sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji nene vikae kabini, mahali ambapo mkono unafika bila kuhamisha gogo hata moja. Kibali cha kukata na hati ya kusafirishia kuni viwe huko huko, usiende kuvipekua kwenye mafuta mkaguzi akiwa amesimama anakungoja.

Limebaki suala la mpwa wako. Hata ukifanya yote niliyoeleza, juu ya kuni si mahali pa kukaa mtu. Siku hiyo msumeno ulimfikia kwa sababu alikuwa katika njia yake, na kama si msumeno lingekuwa gogo, au angekuwa yeye mwenyewe kwenye lami. Pikapu ya kabini moja ikikosa nafasi ya watu watatu, mmoja apande daladala, na nauli yake iingizwe kwenye bei ya kuni. Najua hutalipenda hili kuliko yote niliyoandika.

SWALI: Mzee, mume wangu anakata kuni Amani na Muheza, na kwa kuogopa wezi anarudi na msumeno ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Asubuhi gari hilo hilo huwapeleka watoto shuleni. Wanalalamikia harufu na mdogo hutapika. Yeye anasema ni harufu tu. Nifanyeje? Mama wa watoto watatu, Pongwe.

JIBU: Binti yangu, si harufu tu. Kinachonusika ni mvuke wa petroli, ambao hutoka hata kwenye mashine iliyopoa na tangi lililofungwa, hutuama karibu na sakafu ambako miguu ya watoto ipo, na husababisha maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mbali na afya, kabini iliyofungwa yenye mvuke huo na cheche moja ya swichi au sigara ni jambo ambalo sipendi hata kulieleza.

Hata hivyo mumeo ana hoja, na itakuwa vigumu kumshinda ukiidharau. Msumeno ni mtaji, na akiuacha nyuma wazi anaposimama kunywa chai Muheza huenda asiukute. Mwonyeshe jibu nililompa msomaji wa kwanza kuhusu sanduku, kisha aongeze vitu viwili: bolti za kulifunga zikazwe kutoka ndani ili zisifunguliwe na mtu aliye nje, na mnyororo wa kawaida wenye kufuli upitishwe kwenye mpini wa nyuma wa msumeno na kwenye kitanzi cha chuma kilichochomelewa bodini. Mwizi wa njiani hutafuta kitu cha kunyakua na kukimbia, na hilo si la kunyakua.

Mpaka sanduku lipatikane, kama hana budi kuutia kabini kwa safari moja, aimwage petroli yote ya tangi ndani ya dumu, aiwashe mashine hadi ijizime yenyewe, aache ipoe kabisa, amwage na mafuta ya mnyororo, kisha auvike ala na kuutia katika mfuko usiopitisha mafuta. Dumu libaki nyuma kwa hali yoyote. Madirisha yawe wazi, na watoto wasiwemo. Asubuhi inayofuata asafishe sakafu kwa maji ya sabuni na kuacha milango wazi kwa muda kabla ya safari ya shule, maana mkeka wa gari hunyonya petroli na kuirudisha jua likipanda.

SWALI: Pikapu yangu imetandikwa gamba la plastiki bodini ili isikwaruzwe. Majuzi nilitaka kujaza dumu langu la lita 5 likiwa juu ya bodi, mhudumu wa kituo akakataa, akaniambia nilishushe chini. Nilimwona ananinyanyasa kwa sababu ya gari langu la kuni. Je, kuna sheria hiyo? Kijana wa Makorora, Tanga.

JIBU: Mhudumu huyo ungemshukuru. Petroli inapopita kwenye mpira wa pampu huzalisha umeme tuli, ule ule unaokurusha kidogo ukivua shati la nailoni wakati wa kiangazi. Dumu likiwa ardhini, umeme huo hupata njia ya kupotelea chini. Likiwa juu ya gamba la plastiki, njia hiyo imezibwa, umeme hujikusanya, na unapousogeza mdomo wa pampu cheche inaweza kuruka mahali ambapo mvuke ni mwingi kuliko pote. Liweke dumu chini, mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu wakati wote, ujaze polepole, na uache nafasi juu. Gamba hilo lina madhara mengine usiyoyatarajia: ni laini, na msumeno huteleza juu yake kuliko juu ya bati, kwa hiyo bila mkanda au sanduku utasikia mashine yako ikipiga ukuta wa bodi kila kona.

Na kwa kuwa umetaja lita 5, hakikisha dumu limetengenezwa kwa ajili ya petroli, lisiwe lile la mafuta ya kula ambalo mfuniko wake huachia likilala. Andika juu yake kwa rangi kwamba ni petroli iliyochanganywa. Mashine nyingi za sasa hutaka sehemu 1 ya oili ya injini za mipigo miwili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita zako 5, ila fuata kijitabu cha mashine yako. Mafuta ya mnyororo yawe katika chombo cha rangi nyingine kabisa. Nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye akili zake, akitia mafuta ya mnyororo kwenye tangi la petroli kwa sababu madumu yote mawili yalikuwa ya njano.

SWALI: Nimenunua chenso ya betri kwa ajili ya kukatia matawi. Haina petroli, je, naweza kuiweka popote kwenye gari? Msomaji wa Pangani.

JIBU: Hapana. Chomoa betri kabla ya kuipakia, kwa sababu mashine ya petroli haiwezi kujiwasha kwa bahati mbaya ikibanwa na gogo, lakini ya betri inaweza kuzunguka swichi zake zikiminywa. Betri yenyewe isafiri katika kisanduku chake, isilowe, isigusane na misumari wala kabari, na isiachwe kwenye dashibodi juani. Mafuta ya mnyororo inayo kama wenzake, kwa hiyo isimamishe kwa miguu yake, uivike ala, na uweke gunia chini.